Kamatanda Ilikuwa Inaishia Wapi

Ukimwuliza mtu mzima wa Likasi Kamatanda ni wapi, atanyoosha mkono kuelekea kaskazini ya mji, kisha naye atakuuliza: "Kamatanda ya mukoti ao ya bantu?", yaani ya mgodi au ya watu. Siku hizi swali hilo ni la haki. Tulipokuwa watoto lisingeeleweka, kwa sababu mgodi, nyumba, reli na pori vilikuwa mahali pamoja, na kila mtoto alijua vinapoanzia na vinapoishia bila kuonyeshwa na mtu. Naandika mipaka ile nikiwa bado naikumbuka. Alama zake nyingi zimeondolewa, na nyingine zilitiwa kwenye magunia zikauzwa kwa kilo.

Alama kubwa kuliko zote ilikuwa kipara. Pori la Katanga ni la miombo, miti inafuatana bonde hadi bonde, lakini mahali ambapo shaba imekaribia uso wa ardhi miti haioti. Udongo unaikataa. Unakuta kilima kizima kina majani mafupi tu, na kati ya majani hayo ua dogo la zambarau ambalo wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense. Wanajiolojia waliokuja kutafuta madini walijifunza kulifuata ua hilo. Basanga, wenye nchi, hawakuhitaji kufundishwa. Walichimba jiwe la kijani tangu enzi za mababu, kabla kampuni ya Union Minière haijaota, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakapata misalaba ya shaba iliyosafiri mbali sana ikiwa mali ya biashara na ya mahari.

Nkambo wangu, yaani babu, hakuwa Musanga. Alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana, akifuata kazi kama wengine. Lakini kuhusu kipara aliongea kama mzaliwa. "Pale usilime," alituambia. "Mahindi yatatoka vizuri, halafu yatageuka manjano, na weye utakuwa umepoteza mbegu." Kwa hiyo kipara kilikuwa mpaka wa mashamba. Upande huu mihogo, mahindi na lengalenga za akina mama. Upande ule majani mafupi na upepo. Hakukuwa na uzio wala ubao. Hata mbuzi hawakupenda kupanda kule.

Mpaka wa pili ulikuwa reli. Njia ya gari la moshi ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, Kambove mwaka 1913, na Bukama mwaka 1918, na mji wa Likasi ulikua ukiifuata reli na mawe. Wakubwa waliita mji Jadotville, jina la Jean Jadot wa Union Minière, na ingawa lilifutwa mwaka 1966, nkambo aliendelea kulitumia mpaka alipofariki. Kwetu reli ilikuwa barabara kuliko barabara yenyewe. Mvua za Januari zilipogeuza njia za udongo kuwa matope, akina mama walipita juu ya mataruma wakiwa na mabeseni kichwani: uyoga, viwavi, masuku wakati wa msimu wake, makala, yaani makaa, mwaka mzima. Mtu alielekezwa hivi: nyumba ya fulani iko huku ya reli, ya fulani iko ng'ambo. Watu wa ng'ambo ya reli walikuwa na kisima kizuri, na sisi wa huku tulikuwa na kivuli cha mikaratusi. Tuligombana kila kiangazi juu ya maji, na kila mara waliosuluhisha walikuwa akina mama wazee wa pande zote mbili, wakikaa chini ya mikaratusi ile ile. Maamuzi yao hayakuandikwa popote, na hayakuvunjwa.

Mipaka mingine haikuonekana kwa macho. King'ora cha kampuni kilitufikia alfajiri, hafifu, kikitokea bondeni. Upepo ukigeuka kutoka kusini ulituletea harufu ya Shituru, ile harufu kali ya asidi inayokaa kooni. Kiwanda cha Shituru kimekuwa kikitoa shaba kwa umeme tangu 1929, na umeme wenyewe ulitoka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Lufira, ambako bwawa lilianza kazi mwaka 1930. Nyaya kubwa za umeme tuliziona zikipita angani. Ndani ya nyumba zetu tulisomea taa ya mafuta. Nilikuwa mkubwa ndipo nilipoanza kuliona hilo kuwa jambo la kuulizwa. Utotoni nilidhani nyaya zina safari yao na sisi tuna yetu.

Hapo ndipo ulipokuwa mpaka wenyewe, mgumu kuliko reli na kipara. Kulikuwa na watu wa Kazi, yaani wa kampuni, na kulikuwa na wengine.

Msomaji asiyetoka Katanga lazima aelezwe jambo hili. Wabelgiji walipoupanga mji waliugawa kwa makusudi. Wazungu walikuwa na mji wao wenye miti iliyopandwa kwa mstari. Kisha kipande cha ardhi kilichoachwa wazi, ili Mwafrika na maradhi yake, walivyosema, wakae mbali. Kisha Kikula, site ya Waafrika wanaojitegemea. Na pembeni kampi za wafanyakazi wa Union Minière, kule Panda na Shituru, zilizopangwa safu kwa safu, zikiwa na namba za nyumba, shule, zahanati, na nyumba ya kufundishia wanawake kushona na kulea watoto. Mfanyakazi alipewa namba, na kwa namba hiyo mke wake alipokea unga, samaki, maharagwe na mafuta. Watu walisema Union Minière ni baba na mama. Walisema hivyo kwa shukrani, na walisema hivyo pia kwa hofu, kwa sababu baba huyo alipiga. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na risasi zilipigwa hapa kwetu kama zilivyopigwa Élisabethville. Nkambo alikuwa na rafiki aliyelala chini ya kitanda siku hiyo nzima. Hakupenda kuisimulia.

Kampuni ilitaifishwa, ikawa Gécamines, lakini desturi ya kampi ilibaki ile ile hadi ujana wangu. Na desturi hiyo ilikuwa na mlango wa kutokea. Mfanyakazi akistaafu, nyumba ya kampi haikuwa yake. Ilimbidi aondoke yeye, mke, na vyombo, ili namba mpya iingie. Wengine walirudi vijijini walikotoka na kukuta hawajulikani tena. Wengine walitafuta kiwanja pembeni mwa mji, mahali pasipokuwa na namba, wakajenga. Hivyo ndivyo mitaa kama wetu ilivyojaa: wastaafu wa Kazi, wachoma makala, wafyatua matofali, wajane, wauza munkoyo, vijana waliofukuzwa na wajomba zao. Ukilisikia neno Kamatanda kwenye mdomo wa mtoto wa kampi, ulijua analomaanisha. "Hawa ni batoto ya pori," walituambia shuleni, wakitazama miguu yetu. Vumbi letu lilikuwa jekundu, la kampi lilikuwa la kijivu. Lakini baba zao walipostaafu, wengi wa watoto wale wale walihamia kwetu, na baada ya mvua moja miguu yao ilikuwa na rangi ya yetu.

Baba yangu alikuwa mfyatua matofali. Sijui kama kuna mtu anayejenga Katanga bila kumshukuru mchwa. Vichuguu vya kwetu ni vikubwa, vingine vinazidi urefu wa nyumba, na udongo wake, uliotafunwa na kushikanishwa na mchwa kwa miaka mingi, hutoa tofali gumu kuliko udongo wa kawaida. Baba alianza kwa kukichunguza kichuguu pande zote, akigonga kwa mpini wa jembe na kusikiliza. Aliondoa ngozi ya juu yenye majani. Alichimba shimo pembeni, akajaza maji, akaacha udongo ulale usiku. Asubuhi tuliukanyaga kwa miguu, watoto watatu wanne tukishikana mabega, mpaka ukawa laini na kuvuta nyayo. Kalibu ilikuwa ya mbao, yenye vyumba viwili, ikipakwa majivu ili udongo usishike. Baba alitupia bonge kwa nguvu, akakata juu kwa waya, akainua kalibu kwa mkono mmoja. Matofali yalikauka chini ya majani, kisha yakapangwa kuwa tanuru na kuchomwa kwa kuni siku na usiku. Usiku wa kuchoma matofali mtaa mzima ulikuja kuota moto, na hapo ndipo tuliposikia habari zote.

Kichuguu kimoja kilikuwa alama ya mtaa. Kilisimama pale njia zinapogawanyika, moja ikienda relini na nyingine ikienda mashambani, na kila mgeni aliambiwa: fika kwenye kichuguu, halafu uliza. Baba hakukigusa miaka yote. Alikataa hata alipopewa kazi ya nyumba kubwa. Alisema tukikila hicho, watu watapotea njia.

Kwenye moto wa matofali ndiko nilikosikia kwamba mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, yule wa "Masanga", alirekodiwa na Hugh Tracey hapa hapa Jadotville mwaka 1952. Kila mtaa wa Likasi ulidai kwamba Bosco aliwahi kupiga kwenye vichochoro vyake, na wetu ulidai kwa sauti kubwa kuliko yote. Ndiko nilikosikia pia juu ya Septemba 1961, wakati askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, karibu 155, walipozingirwa na majeshi ya Katanga, wenzao wakashindwa kuvuka daraja la Lufira kuja kuwaokoa, nao wakajisalimisha maji na risasi vilipoisha. Dunia inaijua Jadotville kwa vita hivyo, na kwa uranium ya Shinkolobwe, jirani zetu wa magharibi, iliyokwenda kutengeneza bomu la Marekani. Ninaumia kila ninaposoma habari hizo, kwa kuwa katika kurasa zote hizo mji hauna wakazi. Kuna askari, kuna jiwe, kuna kampuni. Mama aliyeuza uyoga relini hayumo.

Kuhusu kabila, ukweli ni kwamba tulilijua la kila mtu na halikutuzuia. Palikuwa na Baluba wa Katanga na Baluba wa Kasai, Basanga, Bayeke, Babemba, Balamba, Balunda, Batshokwe. Nyumbani kila mmoja aliongea chake, nje tuliongea Kiswahili chetu, na Jumapili wanaume walishuka Kikula kwenye kiwanja cha mpira kuwatazama Panda B52. Aliyeulizwa anatoka wapi alijibu, "Niko wa Kamatanda," na jibu hilo lilitosha.

Liliacha kutosha mwaka 1992. Agosti mwaka huo Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kwa muda mrefu kabla ya hapo hotuba zilikuwa zikirushwa kwamba Wakasai wamekula kazi na nyumba za wenye nchi. Baada ya uchaguzi ule vijana wa chama cha Nguz walianza kupita nyumba kwa nyumba Likasi. Walijua nani ni nani, kwa kuwa walikuwa vijana wa mitaa hii hii. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyenifundisha kusoma saa, alikuja usiku kumpa mama ufunguo wa nyumba yake na kuku saba. Asubuhi familia yote ilikuwa imeshuka stesheni ya Likasi.

Niliwafuata huko na sufuria ya bukari. Sijawahi kuona tena watu wengi kiasi kile wakikaa chini bila kelele. Walikuwa maelfu kwa maelfu, wamelala katika behewa zilizosimama, kwenye jukwaa, katika madarasa ya shule za karibu, chini ya mashuka yaliyofungwa kwa kamba. Gari la moshi la Kasai lilikuja mara chache na halikuwa na nafasi. Watu walikaa wiki, wakakaa miezi. Surua na kuhara viliwaua watoto pale pale wakingoja. Mwaka 1993 mambo hayo hayo yalifika Kolwezi, na kwa jumla waliofukuzwa Katanga walikuwa mamia ya maelfu. Watoto wengi miongoni mwao walizaliwa hapa, na Kasai waliyopelekwa hawakuwa wameiona hata siku moja. Mama alitunza ufunguo ule mpaka mwisho wa maisha yake, na nyumba ilikaliwa na mtu ambaye hakuomba ruhusa. Mtaa ulionyamaza siku ile ni mtaa wangu, na ninaona ni lazima iandikwe hivyo, pamoja na yale mazuri yote niliyoyasema juu.

Kazi yenyewe ilikuwa ikifa wakati huo huo. Mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka Septemba 1990. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. King'ora kilianza kuruka siku. Mgao wa chakula uliisha, kisha mshahara ukachelewa, kisha ukakosekana miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ukilipiwa na Benki ya Dunia. Siku hizo kampuni haikuwa tena baba na mama, na mpaka kati ya watu wa Kazi na watu wa pori ulifutika wenyewe. Wote tulikuwa tukitafuta unga.

Ndipo macho yakageukia kipara.

Walianza wachache, kwa nyundo na patasi za kuazima. Baadaye wakaja vijana kutoka kila upande, wengine kutoka Kasai ile ile, wakalala wanane katika chumba kimoja. Shimo lilianza kuwa upana wa mabega ya mtu, likashuka wima, kisha likalala kuufuata mkanda wa jiwe. Aliyekuwa chini alivuta kamba, wa juu walipandisha gunia. Jiwe la kijani ni shaba, jiwe jeusi lina kobalti, na mtoto wa miaka kumi aliweza kuyatenganisha haraka kuliko mimi ninavyochambua mchele. Akina mama walikaa ndani ya maji mpaka magotini wakitikisa chekecheo, mchanga ukienda na maji na jiwe likibaki. Mabibi walewale waliokuwa wakisuluhisha ugomvi wa kisima. Mnunuzi alikuja na kipimo chake, akataja bei, na hakuna aliyekuwa na kipimo cha pili cha kumbishia. Mwishoni mwa 2008 bei ya dunia ilipoanguka, wanunuzi walitoweka na magunia yakabaki nje ya nyumba kama vyombo vya msiba.

Vijana wengine hawakutoka mashimoni. Tuliwazika, na wengine hatukuweza kuwatoa tuwazike.

Kichuguu cha njia panda kilikwenda katika miaka hiyo. Watu wengi walihitaji matofali, na baba hakuwepo tena kukataa. Mikaratusi ilichomwa makala. Kipara kilifunguliwa tumbo, na ardhi iliyotoka ndani ikamwagwa mashambani, kwa hiyo ule mpaka wa mahindi ulisogea kuja mlangoni kwetu bila mtu kuuamua.

Halafu ikaja mipaka ya aina nyingine. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 inaigawa nchi nzima katika miraba, kila mmoja karibu hektari 85, mistari yake ikifuata kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Mraba haujui reli, haujui kisima. Unaweza kuanzia jikoni kwa mtu na kuishia chooni kwa jirani yake. Kwa kanuni hiyo mchimbaji wa mkono anaruhusiwa tu mahali palipotengwa kwa ajili yake, na Kamatanda ni ardhi ya Gécamines, kwa hiyo kijana aliyezaliwa hatua mia moja kutoka shimoni anaitwa mvamizi, na walinzi wakija wana karatasi mkononi. Mwaka 2015 mkoa wenyewe ulikatwa vipande vinne. Sisi tukabaki Haut-Katanga, na ndugu zetu wa Kolwezi wakawa watu wa Lualaba. Kila ramani mpya inachorwa mbali, na kila mara tunaambiwa tumekaa upande usio wetu.

Sipingi ramani. Mji bila kipimo unaliwa na mwenye nguvu, nimeona. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana: kabla ya mraba wowote kutolewa Kamatanda, wapimaji wapite kwa miguu pamoja na wakazi, na wayaandike makaburi, visima, njia za mashambani na nyumba kwenye karatasi ile ile inayoonyesha madini. Wewe uliyekulia kule, ukiwa Lubumbashi, Ndola au Brussels, waandikie wadogo zako majina ya majirani waliokuwepo, na majina ya waliofukuzwa mwaka 1992 yatangulie. Na komini ikituma watu kupima tena, iwaite kwanza akina mama wa ng'ambo ya reli. Wachache bado wapo hai, na wanajua kila kiwanja kilikuwa cha nani.